Nta Tupu

Kazi yangu ni kukata nyama, ila sina bucha. Nakata nyama za watu waliolala wodini, vipande vidogo vilivyozamishwa kwenye nta vikagandishwa, navikata vyembamba hadi mwanga unapita. Kila kipande ndani ya nta yake tunakiita bloku. Kila ukanda ninaoukata naulaza juu ya kipande cha kioo, slaidi, nautia rangi, nampelekea Mkuu wa maabara autazame kwa hadubini aseme mtu huyu anaumwa nini. Mimi sisemi kitu. Miaka kumi na mbili nimeshika majibu ya watu mkononi na sijawahi kumpa hata mmoja jibu lake, mpaka mwaka huu, na huyo mmoja alikuwa dada yangu.

Maabara nzima wananiita Wembe. Jina hilo nililipenda, sitaki kudanganya. Wengine wakikata, ukanda unakunjamana au unachanika katikati, nao wanaulaza hivyohivyo kwenye kioo, bora liende. Mimi hapana. Ukanda wangu ukiwa na kunyanzi moja tu, natupa kwenye ndoo nakata mwingine. Nilikuwa naringa nao kama mtu aliyeuzaa.

Dada yangu ni mwalimu wa darasa la kwanza. Mama alipofariki mimi nilikuwa na miaka sita, yeye kumi na tisa, akanichukua mgongoni na ualimu wake mpya mkononi. Kusoma alinifundisha yeye, na mpaka leo nikiandika herufi ya "k" mkia wake unapinda kama anavyopinda yeye.

Miaka kumi na minne iliyopita aliota uvimbe mbele ya sikio la kushoto, mdogo kama punje ya harage. Hauumi, haukui. Akaupa jina: Mpangaji. "Mpangaji wangu hajambo, hapigi kelele," alikuwa akisema ukimwuliza. Tulicheka miaka mitatu. Kisha Mpangaji akaanza kuchoma kama sindano hadi kwenye taya, na alipokwenda hospitali, hii hii ninayofanyia kazi, ikaonekana ni saratani ya tezi ya mate. Tena si ile ya kawaida, maana hata ile ya kawaida ni adimu. Hii ni ya wachache miongoni mwa wachache. Haina haraka. Inatambaa pembeni ya mishipa ya fahamu kama mtu anayeshika ukuta gizani, unaweza kukaa nayo miaka, na siku ukisahau ndiyo inarudi.

Daktari wa upasuaji aliitoa pamoja na mshipa unaoendesha uso. Tangu siku hiyo upande wa kushoto wa uso wa dada umelala. Mdomo umeshuka, jicho halifungi vizuri, usiku analibandika plasta. Watoto wa darasani, ambao hawana adabu za bure, walimwuliza: "Mwalimu, mbona unacheka nusu?" Akawaambia nusu nyingine amewawekea watakaojua kusoma. Nyumbani sisi tulijifunza kukaa kuliani kwake. Ukikaa kushoto hujui kama amefurahi, amekasirika au amesinzia. Hata shemeji, mumewe, alihama upande wa kitanda.

Sasa lazima nieleze mwiko wetu, maana ndio ulioniponza. Maabarani kwetu ndugu hakati nyama ya ndugu. Hakuna karatasi iliyoandikwa hivyo, lakini hata mfagizi anajua. Nyama ya dada ilipoletwa, nilikuwa na mwaka mmoja tu kazini. Mkuu aliikunja fomu, akaitia mfukoni, akaniambia, "Wewe nenda kanywe chai." Bloku zake tatu alizikata fundi mzee ambaye sasa amestaafu. Namba yake sikuiona, na sikutaka kuiona. Kwetu jina hubaki kwenye karatasi, nyama hutembea na namba. Nilijiona nimeheshimu mwiko. Nilijiona mtu safi kabisa.

Miaka kumi dada alipigwa picha za kifua na miaka kumi zikawa safi. Mwaka wa kumi na moja zikaonekana alama saba kwenye mapafu.

Daktari wa saratani aliyetupokea alikuwa binti mdogo, amemaliza masomo juzi tu, lakini ana kichwa. Dada alikaa katikati, shemeji akasimama mlangoni kwa sababu akikaa hupigwa na usingizi wa woga, mimi nikakaa kulia.

"Mwalimu, sitakuficha," Daktari alisema. "Imerudi. Dawa zile za kawaida za saratani, za kudungwa, huu ugonjwa hauzijali sana. Mwaka nilioanza shule ya udaktari ningekwambia nenda nyumbani, ishi, tuonane kila miezi mitatu."

"Na leo?" dada aliuliza.

"Leo kuna kitu. Kuna utafiti wa vidonge vipya. Watafiti wamegundua kwamba baadhi ya watu wenye ugonjwa huu wana hitilafu moja kwenye jeni za uvimbe. Kama mtu mmoja kati ya watano. Vidonge vinailenga hitilafu hiyo. Sio kwamba vinaponyesha, tusidanganyane. Lakini kuna watu uvimbe wao umesimama, na wengine umenywea. Wamebakisha nafasi chache, na wamekubali kupokea wagonjwa kutoka kwetu."

Dada akanigeukia na nusu yake ya kucheka. Sijamwona akicheka hivyo tangu alipooza.

"Ila lazima kwanza wapime nyama ya uvimbe wenyewe, waone kama hitilafu ipo," Daktari akaendelea. Kisha akachangamka, kama mtu aliyekumbuka rafiki. "Huu ugonjwa mimi sikuwahi kuuona kwa mgonjwa, Mwalimu, wewe ndiye wa kwanza. Lakini nilikutana nao kwenye mtihani. Swali la saba. Slaidi moja nzuri hiyo, matundumatundu kama chekeche, haina hata mkunjo. Ukishaiona husahau. Ndiyo maana nilipoona picha zako na historia yako sikubabaika."

Nami, kwa kujisikia, nikadakia: "Hiyo kazi yangu, Daktari. Slaidi zote za mtihani nakata mimi."

"Kweli? Basi nakudai shukrani!"

"Mdogo wangu ana mkono," dada akasema, akanipiga bega. "Mimi ndiye niliyemfundisha kushika penseli."

Tulicheka wote wanne.

Walijaribu kwanza kuchukua nyama kwenye mapafu kwa sindano ndefu. Alama ile kubwa kuliko zote iko karibu na moyo, wakachagua nyingine, ndogo. Sindano ikatoa damu tupu na pafu likasinyaa. Dada akalala siku tisa na mpira ubavuni. Daktari akasema hatarudia, pumzi ya mtu si ya kuchezea, na kwa nini ahangaike wakati uvimbe wa kwanza umehifadhiwa humuhumu hospitalini? Akaandika fomu: bloku ya zamani, na kama bloku haiwezi kutolewa, slaidi kumi na tano zisizotiwa rangi. Utafiti ulitoa wiki tatu.

Fomu ilinikuta mimi mezani, maana msaidizi wangu alikuwa likizo. Nilisita. Mwiko ulikuwa palepale. Lakini nikasema, kutafuta si kukata. Nikafungua daftari kubwa la mwaka ule, nikapitisha kidole kwenye majina, nikaliona la dada, na mbele yake ile namba niliyoikimbia miaka kumi na moja. 418.

Nataka nieleweke hapa. Namba hiyo niliijua kama namba ya simu yangu.

Hata hivyo nilikwenda stoo. Mtu akipata msiba huenda kwanza kwenye kitanda kuhakikisha. Kwenye rafu, mahali pa bloku mbili za kwanza, palikuwa wazi: zilichomwa mwaka jana pamoja na nyingine zote zilizotimiza miaka kumi, kwa utaratibu, nafasi haitoshi. Maboksi yale nilisaidia kuyabeba. Mahali pa bloku ya tatu kulikuwa na kadi ya Mkuu: imehamishiwa droo ya mafunzo.

Droo ya mafunzo ni ya mambo adimu. Wanafunzi wa udaktari wanahitaji kuona yale ambayo pengine hawatayaona tena maishani, kwa hiyo bloku nzuri za magonjwa ya nadra huwekwa humo, na kila mwaka fundi mwenye mkono mzuri kuliko wote hukata slaidi thelathini au arobaini za mtihani. Wakija wageni kutoka vyuo vingine, nao hukatiwa zawadi. 418 ilikuwa malkia wa droo. Kila profesa aliyepita aliiomba. Miaka minane niliiweka kwenye mashine, nikaipunguza, nikaipendeza. Sikuwahi kujiuliza ni ya nani, kwa sababu kujiuliza ni mwiko, na mimi ni mtu wa miiko.

Bloku ilikuwapo. Niliishika juu ya taa. Nta nyeupe, safi, haina hata doa la nyama. Kwenye daftari la droo, mstari wa mwisho, wiki sita kabla ya siku ile, kulikuwa na maneno haya: "418. Imekwisha." Mkia wa "k" ulipinda kama anavyopinda dada. Mwandiko wangu.

Nilikaa chini sakafuni. Mimi si mtu wa kulia, lakini siku hiyo nililia kwa sauti, na mfagizi akafunga mlango kutoka nje ili wengine wasinione.

Nilipomwendea Mkuu nilikuwa nimegeuka pilipili. Yeye ni mtu mpole, tatizo lake ndilo hilo.

"Wewe ndiye uliyeikunja fomu yake ukaitia mfukoni," nilimwambia. "Ulijua ni ya dada yangu. Ukaitia kwenye droo. Ukanipa mimi nikate."

"Wembe, nilisahau," alisema. "Baada ya miaka mitatu mimi naona namba, sioni mtu. Ilikuwa bloku nzuri. Nisingeitia mafunzoni, nayo ingechomwa mwaka jana na wenzake."

"Kwa hiyo nishukuru?"

"Sijasema ushukuru. Nasema wakati ule ugonjwa huu haukuwa na dawa yoyote ya kutafutiwa. Nyama ikishatoa jibu, imemaliza kazi. Nani angejua wangekuja watu kuulizia nyama ya miaka kumi na moja?"

Alisema kweli, na kwa sababu ilikuwa kweli nilimchukia zaidi. Majuto ni mjukuu, wanasema, huja baadaye. Huyu wangu alikuja na wiki tatu tu za kukaa.

Nilikwenda chuoni, nikaomba kabati la mitihani. Nilikusanya slaidi za 418 zilizobaki, hamsini na moja. Nyingine zimepauka, moja ina alama ya wino wa mwanafunzi aliyezungushia matundu duara akaandika "mtihani!!". Zote zimetiwa rangi. Daktari aliwaandikia watafiti barua ya kurasa mbili, akawasihi wakwangue nyama kwenye vioo vile vya rangi, hata kama majibu yatakuwa dhaifu. Walijibu mistari minne. Wanasikitika. Masharti ya utafiti hayaruhusu. Nafasi imepewa mgonjwa anayefuata. Wanamtakia mgonjwa wetu kila la heri.

Huwa nafikiria huyo anayefuata. Simchukii. Natumaini fundi wake alikuwa mvivu.

Mkuu akaandaa barua ya kumpa dada: "Sampuli iliyohifadhiwa haikutosha kwa kipimo kilichoombwa." Akaniambia, kwa upole wake, kwamba haina uongo ndani yake. Na kweli haina. Hakuna aliyekata, hakuna aliyetupa, sampuli ilijipungukia yenyewe. Niliikunja nikaitia mfukoni kama yeye alivyoikunja fomu.

Nilimkuta dada amekaa sebuleni kwenye kiti chake cha dirishani, anasahihisha madaftari, maana likizo ya ugonjwa aliikataa. Nikakaa kuliani kwake. Nikampa barua. Aliisoma mara mbili, na kalamu nyekundu mkononi, nikadhani atapigia mstari.

"Haikutosha," alisema.

"Ndiyo, Dada."

"Nilikiona kile kinyama, mdogo wangu. Walinionyesha kwenye chupa. Pamoja na tezi yake kilikuwa kikubwa kama ndimu. Wanahitaji kiasi gani?"

"Kanda kumi na tano. Nyembamba sana."

"Nyembamba kama nini?"

"Ukizipanga zote, hazifiki unene wa kadi ya posta."

Akanitazama. Amefundisha watoto wa miaka saba miaka ishirini na sita, mtu aliyekula kalamu ya rangi anamjua kabla hajafungua mdomo. "Haya," alisema. "Sema."

Nikasema. Sikumficha kitu, na sikujitetea, isipokuwa mahali pa mwiko, hapo nilijitetea kidogo. Nilimweleza droo, mitihani, wageni, namba. Aliponiuliza ni ngapi, nilimwambia daftari linasema mia tatu na kumi na mbili.

Kisha, siamini mpaka leo, akacheka, ile nusu. "Kwa hiyo swali la saba lilikuwa mimi."

"Ndiyo."

"Daktari wangu nimemfundisha mimi mwenyewe. Hata ameijua saratani yangu kwa sababu yangu." Alifunga daftari la mtoto lililokuwa mapajani. "Basi si bure. Mia tatu na kumi na mbili, wamejifunza. Hiyo kazi naielewa."

Nilivuta pumzi. Ningenyamaza hapo. Mtu mwenye akili angenyamaza hapo. Lakini dada ni mwalimu wa hesabu pia, akaniuliza, "Na nyama yote ile ilitoa hizo mia tatu tu?"

Nikamwambia zilizobaki nilizitupa. Zaidi ya mia nne.

"Zilikuwa mbovu?"

"Hapana. Zilikuwa na mikunjo. Midogo. Nyingine ilikuwa na kiputo cha hewa pembeni."

"Zingefaa kupimwa?"

"Zote zingefaa."

Shemeji alikuwa amesimama mlango wa jikoni na kikombe. Alirudi ndani nacho. Dada alipanga madaftari yake, kubwa chini, dogo juu, akayasawazisha kwa kiganja.

"Kukata hukujua," alisema taratibu. "Kukata sikulaumu, ulikatazwa kujua. Lakini mimi kila mwaka napewa watoto hamsini, nusu yao wanaandika kinyumenyume. Wanaandika nje ya mstari. Wanatoboa karatasi. Sijatupa hata mmoja kwa sababu mwandiko wake umekunjamana. Hata wewe. Wewe uliandika kama kuku mpaka darasa la nne."

"Dada..."

"Mtu akikuletea kitu kidogo kisichoweza kuongezeka, unakitupaje ukitafuta kizuri zaidi? Nani alikufundisha hivyo? Maana si mimi."

Alikohoa, kikohozi kipya, kifupi, ambacho sote tunajifanya hatukisikii. Kisha akainuka, akakishika kiti chake kwa mikono miwili, akakigeuza kikaelekea dirishani, akakaa tena. Upande wake wa kushoto ukawa kwangu: mdomo ulioshuka, jicho lisilofunga. Nilingoja aseme kitu. Alifungua daftari lingine akaendelea kusahihisha.

Watu wananifariji. Daktari anasema ni mmoja tu kati ya watano mwenye hitilafu ile, huenda dada asingekuwa nayo. Mkuu anasema huenda. Shemeji, Mungu ambariki, naye anasema huenda. Neno hilo wananipa kama andazi msibani. Hawaelewi kwamba ndilo linalonila. Kama ningejua hanayo, ningelala. Kama ningejua anayo, ningejua nimefanya nini. Jibu lilikuwa kwenye ndoo yangu, na mfagizi aliimwaga kila Ijumaa.

Mwezi uliopita ilikuja nyama nyingine ya ugonjwa uleule, ya mtu nisiyemjua. Mkuu aliitazama, macho yakamng'aa, akasema itafaa kwa droo. Nilikata kanda mbili kwa ajili ya majibu, moja ilikuwa na mkunjo katikati, nikailaza hivyohivyo. Bloku nikaifungia kwenye kabati langu, ufunguo nikauvaa shingoni. Mkuu aliutazama ufunguo, hakuuliza.

Dada naenda kumwona kila Jumapili. Alama sasa ni kumi na moja. Ananipokea vizuri, anaulizia kazi, ananikaribisha kiti. Kiti cha mgeni zamani kilikuwa kuliani kwake. Amekihamishia kushoto, na ndipo ninapokaa.